Kisanduku cha ufundi cha mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa na wazazi, walezi na walimu wa chekechea wanaoleta watoto kwenye darasa letu la ufundi la Jumamosi, Dar es Salaam. Majibu ni ya mtu anayekaa chini na watoto hao, mkasi mkononi, gundi kwenye vidole.

Kisanduku cha ufundi kiwe na nini ndani?

Vitu vya kununua ni vichache: mkasi wenye ncha butu, gundi nyeupe ya maji, penseli, krayoni au penseli za rangi, rula, selotepu na karatasi mbili tatu za manila. Vingine vyote viokotwe. Boksi la sabuni, vizibo vya chupa, mirija ya peni zilizokwisha wino, vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, magunzi, vijiti vya mishikaki, trei za mayai, kamba ya katani, vifungo vya mashati yaliyochakaa. Fundi cherehani yeyote ana kiroba cha mabaki chini ya meza, na ukimwomba vizuri atakujazia mfuko.

Tumia boksi la viatu, kisha mwache mtoto alipambe mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza.

Ninunue seti iliyofungashwa dukani au nikusanye mwenyewe?

Seti ya dukani si mbaya, ila itazame kabla ya kulipa. Kama kila kipande kimekwishakatwa na mtoto amebakiwa na kubandika kwa kufuata namba, atamaliza kabla chai haijapoa na hatarudi tena. Tafuta yenye vifaa vya kutumika mara nyingi: shanga, uzi, sindano butu, rangi, karatasi tupu. Soma umri ulioandikwa ubavuni, na kama hakuna umri wala jina la mtengenezaji, irudishe rafuni.

Msimamo wetu ni kwamba kisanduku kizuri ni kile kinachomwachia mtoto uamuzi. Picha kwenye kifuniko inayoonyesha ndege mmoja wa rangi moja inamwambia mtoto kuwa ndege wake amekosea. Watoto wanaoanza na boksi la vitu vya kuokota huuliza, "Hiki kinaweza kuwa nini?" Swali hilo lina thamani kuliko ndege yeyote.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Aanze?

Aanze, lakini si na kisanduku chote. Mpe unga wa kufinyanga, karatasi ya kuchana, maji na brashi ya kupaka ukutani nje. Vitu vidogo viwe mbali naye kabisa. Kipimo rahisi cha nyumbani ni lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni: kitu kinachopita ndani yake kinaweza kuziba koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vizibo vingi vya soda vinapita. Komwe zinapita. Vifungo na shanga usiulize.

Ni vitu gani visiingie kabisa kwenye kisanduku, hata kwa wakubwa?

Hapa naomba msome polepole.

Betri bapa za duara, zile za saa na rimoti ndogo, ni hatari kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu. Ukishuku amemeza, nenda hospitali moja kwa moja bila kusubiri dalili. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo zisikaribie: mbili zikimezwa zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa.

Mbegu za tipitipi, zile nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi, ni nzuri sana kwa macho na watu huzitunga shanga. Ndani zina sumu kali, na hatari ni kubwa zaidi zinapotobolewa au kutafunwa. Mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, ni hivyo hivyo. Kwa kutunga, tumieni vipande vya mirija, makaroni makavu au karatasi iliyoviringishwa na kugandishwa.

Rangi ya mafuta ya kupakia mageti si rangi ya mtoto, hata ikibaki kopo zima. Unga mweusi wa betri za tochi, uliokuwa ukitumiwa zamani kupaka ubao wa shule, uacheni. Mkaa uliosagwa ukachanganywa na uji wa gundi unatoa weusi mzuri zaidi. Supa gluu ni ya mtu mzima peke yake.

Puto ni jambo wazazi hulisahau. Kipande cha puto lililopasuka huganda kooni kuliko kitu kigumu, kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka minane asipulize puto pasipo mtu mzima, na vipande viokotwe vyote.

Gundi inaisha haraka na ni ghali. Kuna mbadala?

Gundi ya uji. Chukua vijiko vitano vya chakula vya unga wa ngano, koroga kwenye nusu kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha kikombe kimoja na nusu cha maji, punguza moto, mimina mchanganyiko huku unakoroga. Baada ya dakika mbili au tatu utaona weupe wa unga unageuka kuwa wa kung'aa kidogo na mwiko unakuwa mzito. Epua, ipoe. Unga wa muhogo unashika zaidi, hivyo vijiko vitatu vinatosha.

Inabandika karatasi, boksi na kitambaa vizuri sana. Haibandiki plastiki wala waya. Kwa joto la pwani inaanza kunuka uchachu baada ya siku mbili. Kwenye friji inakaa karibu wiki. Mende na panya wanaipenda, kwa hiyo kazi zilizobandikwa kwa uji zisikae chini ya kitanda.

Naomba vipimo vya unga wa kufinyanga usiopasuka.

Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji vikombe viwili, mafuta ya kupikia vijiko viwili vya chakula, na maji ya ndimu vijiko viwili. Changanya vyote kwenye sufuria, weka juu ya moto mdogo, songa kama ugali. Mwanzo ni uji, kisha unaanza kujikusanya kuzunguka mwiko na kuachana na kuta za sufuria. Ukifika hapo epua, uache upoe, kisha mwachie mtoto aukande mpaka uwe laini. Ukiwa unanata vidoleni bado una maji: rudisha jikoni dakika moja. Ukihifadhiwa kwenye kopo lenye kifuniko unadumu wiki kadhaa.

Rangi zitoke jikoni. Bizari ya manjano inatoa njano kali inayobaki hata kwenye kucha. Maji ya bitiruti yanatoa waridi. Choya inatoa wekundu wa damu ya mzee, na hapo kuna mchezo ambao watoto wetu hawauchoki: gawa maji ya choya kwenye vikombe viwili, kimoja kamulia ndimu, kingine tia magadi kidogo. Cha ndimu kinazidi kuwa chekundu, cha magadi kinageuka kuelekea buluu na kijani mbele ya macho yao. Ni rangi ile ile inayobadilika kwa tindikali na kwa magadi. Mtoto akishaona hivyo atataka kujaribu kila kitu cha jikoni, nanyi mwacheni ajaribu.

Unga huu una chumvi nyingi sana. Kulamba si neno, lakini kula kipande kizima kunaweza kumdhuru mtoto mdogo, na hata mbwa wa nyumbani. Kaa naye.

Na udongo wa mfinyanzi wa kweli?

Ukiupata, usiuache. Wanawake wa Usangi kule Upareni na Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu vinavyouzwa mbali na kwao, na watoto wa huko wanaanza na mabonge yaliyobaki pembeni. Siri iko kwenye kukanda. Mapovu ya hewa huudhoofisha udongo, na unyevu uliobaki ndani ndio unaopasua chombo motoni, na mchanga mwembamba au vigae vilivyosagwa vikichanganywa humo hupunguza nyufa. Kausheni kivulini kwa siku kadhaa. Jua la moja kwa moja linakausha nje kabla ya ndani, na ufa unatokea usiku huo huo. Kazi isiyochomwa itayeyuka ikimwagiwa maji, mwambieni mtoto mapema ili asiitumie kunywea.

Tunataka kutengeneza gari la waya. Tuanzie wapi?

Umri wa kuanza ni miaka minane hivi, na mtu mzima awe karibu kwa sababu ya ncha. Waya wa kufungia nondo ni laini, unakunjika kwa mikono midogo. Waya wa hanga za nguo ni mgumu na unafaa kwa ekseli na usukani. Mnahitaji plaizi moja.

Anzeni na chesisi: mstatili mmoja wa waya, ncha zake zikisokotwa pamoja kisha zikunjwe ndani ziwe kitanzi. Kila ncha ya waya kwenye gari lote iishie kwa kitanzi, bila kusamehe hata moja. Ndipo bodi ipande juu, nguzo kwa nguzo, kama mtoto anavyolijua gari lenyewe: daladala, lori la mchanga, basi la mkoani.

Magurudumu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Watoto hutoboa kandambili, wakapitisha ekseli, wakaona gurudumu linayumba na kukwama. Fanyeni kinyume: gurudumu likae kwenye ekseli kwa kubana, lisizunguke juu yake hata kidogo. Halafu ekseli ndiyo izunguke ndani ya mrija wa peni tupu uliofungwa kwenye chesisi kwa waya mwembamba. Mrija mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukiwa na kandambili kuukuu, chora duara kwa mdomo wa kikombe kidogo, mtu mzima akate kwa kisu kikali, na tundu la katikati lichomwe dogo kuliko waya ili lishike. Gari la namna hii linakwenda moja kwa moja hata kwenye njia ya mchanga, na usukani mrefu uliofungwa mbele unalikata kona.

Mtoto wa miaka mitano au sita aanze na boksi la juisi, vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ncha na vizibo vya chupa za maji. Kanuni ya mrija ni ile ile.

Kandambili tunazookota ufukweni zinafaa?

Zinafaa baada ya kuoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Kenya kuna Ocean Sole, wanaokusanya kandambili zilizotupwa na kuchonga twiga, kasa na tembo wa rangi mchanganyiko. Na kule Lamu kilijengwa chombo kizima cha plastiki iliyorejelewa, Flipflopi, kikavikwa kandambili zipatazo 30,000, na mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Waonyesheni watoto picha zake kabla ya kwenda kuokota. Wataangalia takataka za ufukweni kwa macho mengine.

Zamani tulifunga mpira wa chandimu kwa mifuko ya nailoni. Sasa tunatumia nini?

Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo mpira umerudi kwenye matambara. Katikati weka kipande cha godoro la sponji kilichokunjwa, ndicho kinachoupa mdundo. Kizungushie matambara membamba yaliyochanwa kama bendeji, ukivuta kila mzunguko na kubadilisha upande ili duara lisielemee. Soksi moja ivishwe juu. Kisha kamba ya katani izungushwe kwa njia ya wavu, fundo kila zinapokutana mbili. Shambani majani makavu ya mgomba yanafanya kazi ile ile, na yana uzito mzuri mguuni.

Kuna mchezo wa kutengeneza ambao ndugu wa umri tofauti watacheza pamoja?

Bao la trei ya mayai. Trei ya mayai 30 ina mistari mitano ya vishimo sita. Kata mistari miwili, unapata bao dogo la vishimo kumi na viwili. Trei moja inatoa mabao mawili na mstari mmoja unabaki wa kutengea shanga. Kila kishimo tia kete nne: komwe ukizipata, maharage au kokoto usipozipata. Wadogo wanajifunza kuhesabu na kusambaza bila kuambiwa kwamba hiyo ni hesabu.

Bao la Kiswahili lenyewe lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kulijenga, ila trei moja inapungukiwa vishimo viwili na safu zinatoka fupi, kwa hiyo aunganishe trei mbili kwa kipande cha boksi chini. Halafu atafutiwe babu wa kumfundisha namua na mtaji, hatua mbili za mchezo huo. Sisi hilo hatuliwezi kwa kuandika.

Tumieni trei kavu na safi, isiyo na alama ya yai lililopasuka, na iote jua kwanza.

Binti yangu anataka kusuka ukili kama bibi yake. Tunaishi Uingereza, miyaa hatuipati.

Akate karatasi ya manila vipande vyembamba vya upana wa kidole, vya rangi mbili, aanze na vitatu, kisha vinne. Rafia inayouzwa kwenye maduka ya bustani inafaa pia, ilowekwe kidogo kabla ya kusuka, kama miyaa inavyotakiwa kuwa na unyevu ili isikatike. Kazi ya kwanza iwe kialamisho cha kitabu, mkeka ungoje.

Mpigieni bibi simu ya video wakati wa kusuka. Akimwambia mjukuu "pitisha chini, vuta, kaza, rudi juu", mtoto anapata Kiswahili ambacho hakimo kwenye somo lolote, kwa sababu mkono unafanya kile sikio linachosikia.

Mwanangu wa kiume anapenda kushona wanasesere. Nimkataze?

Kwa nini? Mafundi cherehani wa mitaa yetu wengi ni wanaume. Mpe sindano butu, uzi mnene na vipande vya kitenge. Anaweza kuanza na mwanasesere wa gunzi: gunzi ndilo mwili, zile ndevu za hindi zilizokaushwa ndizo nywele, kitambaa kinazungushwa na kufungwa kiunoni kwa uzi. Hapo hakuna hata mshono mmoja, na mwanasesere amekwishavaa.

Mwalimu ametaka kazi ya mikono iletwe kesho. Nimsaidie mtoto kiasi gani?

Swali hili linatoka zaidi kwa wazazi wa Kenya, ambako mtaala wa umilisi ulianza kutumika nchi nzima mwaka 2019 na kazi za namna hii zikawa nyingi. Lakini sasa tunalisikia kote. Tafuta vifaa, kata vile vigumu, washa jiko kama kuna cha kupika. Basi. Kuunganisha, kupaka rangi na kuamua ni kazi yake. Nyumba ya boksi iliyoinama upande ikifika darasani na mtoto akaweza kueleza kwa nini mlango uko juu, mwalimu makini anaona alichojifunza. Nyumba iliyonyooka ya baba haimwambii mwalimu chochote. Nawasihi walimu nao: msitoe alama kwa unadhifu peke yake, maana ndiko wazazi wanakosukumwa kushika mkasi.

Na kazi iagizwe siku tatu kabla. Uji wa gundi haukauki usiku mmoja wa mvua.

Anaanza kazi nyingi, hamalizi hata moja.

Chini ya miaka sita ni kawaida kabisa. Weka sahani moja ya kazi ambazo hazijaisha, pasiwe na karipio. Mara nyingi atairudia siku nyingine kwa wazo jipya. Kama ana miaka tisa na bado anaacha kila kitu, huenda kazi ni kubwa mno: mpe kitu kinachokwisha kwa kikao kimoja.

Mtoto wangu haoni vizuri. Kuna kazi zinazomfaa?

Nyingi sana. Unga wa kufinyanga, udongo, kusuka kwa kamba nene, mpira wa matambara, bao. Pangeni vifaa kwenye vikombe vilivyo mahali pale pale kila siku, na mistari ya kukata au kubandika ichorwe kwa gundi nyeupe iliyoachwa ikauke. Inainuka kidogo na kidole kinaifuata.

Tiara itengenezwe kwa nini, na irushwe lini?

Chelewa za ufagio ndizo fremu bora, nyepesi na zinapinda bila kukatika. Moja ya wima, moja ya kulala, zifungwe kwa uzi pale zinapokutana, theluthi moja kutoka juu, kisha uzi uzungushwe kupitia ncha zote nne. Karatasi ya gazeti ibandikwe kwa gundi ya uji ambayo si nzito, kingo zikunjwe kuzunguka uzi. Mkia wa vipande vya kanga uwe mrefu mara nne au tano ya mwili wa tiara. Ikizunguka hovyo angani, ongeza mkia. Ikikataa kupaa, punguza.

Kwa pwani upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na wa kusi unaofuata baada ya masika, yote inarusha vizuri jioni. Tumieni uzi wa pamba mkavu. Mshipi wa kuvulia hukata vidole, na waya usitumike kamwe. Uwanja uwe wazi, mbali na nguzo za umeme na barabara. Tiara ikinasa kwenye nyaya, iacheni huko huko, asipande mtu wala asivute uzi. Chelewa za kutengeneza nyingine zipo.